Hesabu ya Mtumbwi na Mto Tuliousahau



Jioni moja, masomo yakiwa yamekwisha, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa sekondari alinijia na daftari la fizikia mkononi. Alijua vyema kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili, wala si wa sayansi. Lakini mwalimu wa somo hilo alikuwa ameshaondoka, na mtihani ulikuwa kesho yake. Akaniambia, "Mwalimu, namba nazijua. Maneno ndiyo yananishinda."

Swali lenyewe huenda hata wewe ulikutana nalo ulipokuwa shuleni. Mto una upana wa mita 90. Mtumbwi una kasi ya mita 1.5 kwa sekunde katika maji yaliyotulia. Mkondo una kasi ya mita 0.8 kwa sekunde. Mpiga kasia anaelekeza mtumbwi wake ng'ambo moja kwa moja. Je, atafika baada ya muda gani, na atatua wapi?

Tulikaa kwenye benchi nje ya darasa, tukachora mto kwa kijiti mavumbini. Baada ya nusu saa binti yule alikuwa amepata majibu yote. Akafunga daftari, akanishukuru, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Mwalimu, mbona hesabu haisemi mtumbwi umebeba watu wangapi?"

Sikuwa na jibu. Kwao ni ng'ambo ya Nyabarongo, na kila likizo huvuka kwa mtumbwi. Alikuwa ameuona mto ambao mimi na kitabu chake hatukuuona.

Nimelibeba swali lile kwa muda mrefu, na leo naliweka mbele yako kwa sababu naamini ni swali la raia kabla ya kuwa swali la mwanafunzi. Rai yangu ni hii: tunawafundisha vijana wetu kuvuka mto wa karatasi, huku tukiwanyima maneno na ujasiri wa kuvuka mto wa kweli. Hesabu hii si mbaya. Ni nzuri mno, na ndiyo maana inasikitisha kuiona ikifundishwa nusu.

Tuikamilishe kwanza hesabu yenyewe, ili tusije tukaihukumu bila kuijua.

Siri yake yote imo katika kukubali kwamba mtumbwi una miendo miwili kwa wakati mmoja. Mwendo mmoja ni wa kasia, unaousukuma mtumbwi kutoka ukingo huu kwenda ukingo ule. Mwendo wa pili ni wa maji, yanayouchukua mtumbwi pamoja na kila kilichomo kuelekea mto unakoshuka. Fikiria abiria aliyepanda basi la kutoka hapa Masoro kwenda Kimironko. Basi linakwenda, naye anainuka kiti cha kushoto na kuhamia kiti cha kulia. Kwa abiria wenzake, amepiga hatua mbili tu. Kwa mama anayeuza matunda kando ya barabara, mtu huyo huyo amesogea mita nyingi kuelekea Kimironko. Ni nani mkweli kati yao? Wote ni wakweli. Kila mmoja amepima mwendo kwa kuulinganisha na mahali alipo yeye.

Galileo aliliweka wazi jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1632, kwa mfano wa watu waliofungiwa ndani ya chumba cha meli. Meli ikienda sawasawa bila kuyumba, hakuna jaribio watakalolifanya humo chumbani litakalowajulisha kama meli imesimama au inakwenda. Mwendo ni lazima uulizwe: kwa kulinganisha na nini?

Sasa turudi mtoni. Kasia linauvusha mtumbwi mita 1.5 kila sekunde, na upana ni mita 90. Kwa hiyo kuvuka huchukua sekunde 60. Katika sekunde hizo 60, mkondo umeuchukua mtumbwi mita 0.8 mara 60, yaani mita 48. Basi atatua mita 48 chini ya mahali alipokuwa akipaangalia alipoanza. Aliyesimama ukingoni ataona mtumbwi ukienda mshazari, kwa kasi ambayo mraba wake ni jumla ya mraba wa 1.5 na mraba wa 0.8. Jumla hiyo ni 2.89, na kipeuo chake cha pili ni 1.7. Njia ya mshazari ina urefu wa mita 102. Ukigawa 102 kwa 1.7 unapata sekunde 60 zile zile, na hesabu imejithibitisha yenyewe.

Hapa ndipo wengi huteleza. Mwanafunzi aliyekariri kanuni bila kuielewa huchukua ile kasi kubwa ya 1.7 na kuigawia upana wa mita 90, akapata sekunde 53. Amechanganya njia ya mshazari na upana wa mto. Ajabu ambayo hakuiona ni hii: ikiwa mpiga kasia anaelekeza mtumbwi ng'ambo moja kwa moja, basi muda wa kuvuka hautegemei mkondo hata kidogo. Mkondo uwe dhaifu au mkali, muda ni sekunde 60. Kinachobadilika ni mahali pa kutua.

Lakini vipi ikiwa gati liko mkabala kabisa, na chini yake ni matete na matope yasiyopitika? Hapo mpiga kasia hana budi kuelekeza omo ya mtumbwi upande wa juu wa mto, kiasi cha nyuzi 32, ili sehemu ya nguvu zake ipambane na mkondo. Kasi inayobaki ya kuvukia ni kama mita 1.27 kwa sekunde, na safari huchukua takriban sekunde 71. Amepoteza sekunde 11, lakini amefika alikokusudia. Kuna njia ya kuwahi na kuna njia ya kufika mahali panapotakiwa, na njia hizo mbili si moja. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Mto unalithibitisha hilo kwa namba.

Tuseme sasa mvua za Aprili zimenyesha, na mkondo umefika mita 2 kwa sekunde. Kasia bado ni lile lile la mita 1.5. Hapo hakuna pembe yoyote duniani itakayomfikisha mkabala. Akielekea moja kwa moja, atachukuliwa mita 120. Akijua hesabu yake na kuelekeza omo upande wa juu kwa kiasi kinachofaa, atapunguza umbali huo hadi mita 79 hivi, lakini atakaa majini dakika moja na nusu. Kufika mkabala, hata hivyo, hawezi. Hesabu inamwambia kwa adabu kabisa: leo usijaribu.

Wavushaji wa mitumbwi walilijua hili kabla ya vitabu vyetu. Mvushaji mzoefu haanzi kuvuka pale pale anapopakia. Hupanda kwanza na mto akiambaa ukingo, mahali ambapo maji hayana nguvu, kisha ndipo huukata mkondo, akiuacha umshushe hadi gatini. Hajawahi kuchora vekta hata moja, lakini anaijua kazi yake. Mwanafunzi wetu amechora vekta ishirini na hajui kwamba mtu huyo anafanya hesabu ile ile.

Hapa nafika kwenye shutuma yangu ya kwanza, nayo inatuhusu sisi walimu. Binti yule hakushindwa na namba. Alishindwa na fungu dogo la maneno ya Kiingereza, lile linalomaanisha "kwa kulinganisha na". Alikuwa akiliruka kama mtu arukavyo kokoto njiani. Bila fungu hilo, kasi ya mtumbwi kwa kulinganisha na maji na kasi ya mtumbwi kwa kulinganisha na ukingo huwa kitu kimoja, na hesabu nzima huporomoka. Nilipomwambia kwa Kiswahili, kisha akajirudia mwenyewe kwa Kinyarwanda, "maji yanavyouona mtumbwi, na ukingo unavyouona mtumbwi," uso wake ulifunguka.

Sisemi kwamba Kiingereza kiondolewe darasani. Nchi yetu iliamua mwaka 2008 kwamba kiwe lugha ya kufundishia, na mtihani utaandikwa kwa lugha hiyo. Lakini Rwanda ina lugha rasmi nne: Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa, na tangu mwaka 2017, Kiswahili. Utajiri huu si wa kuandikwa katika sheria tu. Mwalimu wa sayansi anayetumia dakika tano kulifungua swali kwa lugha anayoiota mwanafunzi, kisha akarudi kwenye lugha ya mtihani, hajavunja kanuni yoyote ya elimu. Amevusha watoto. Anayekataa kufanya hivyo kwa kuogopa kuonekana hajui Kiingereza anawaacha ukingoni.

Shutuma yangu ya pili ni nzito zaidi, nayo ndiyo iliyokuwa ndani ya swali la binti yule. Hesabu yetu imeuondoa mto na kubakiza mistari. Haina mvua, haina magogo yanayoelea, haina mama mwenye mtoto mgongoni na gunia la viazi miguuni. Na haina idadi ya abiria.

Sisi wakazi wa Masoro ni rahisi kusahau. Tumezoea lami, malori na viwanda vya eneo maalumu la kiuchumi. Mto kwetu ni kitu cha kupita juu yake kwa daraja, ukiwa ndani ya gari. Lakini maji yanayotoka Ziwa Muhazi hushuka kwa Nyabugogo hadi Nyabarongo. Nyabarongo huelekea Akagera, na Akagera humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Kando ya njia hiyo ndefu wako watu ambao soko, shamba, kanisa au shule yao iko ng'ambo, na daraja liko mbali. Kwao hesabu ya mtumbwi si zoezi. Ni safari ya leo asubuhi.

Nasi tunajua safari hizo zinavyoweza kuisha. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko kilizama Mtongwe, Mombasa, na watu 272 wakafa. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara ikiwa imebeba watu wengi kupita idadi iliyoruhusiwa; zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Na hapa nyumbani, Julai 2023, mtumbwi uliobeba watoto ulizama katika Nyabarongo upande wa Wilaya ya Muhanga, na watoto wakafa. Sidai kwamba watu hawa walikufa kwa kukosa kujua vekta. Nasema kwamba kila mara tunapofundisha chombo kinavyovuka maji bila kutaja mzigo, tunafundisha kana kwamba mambo haya hayakutokea.

Tena mzigo hauko nje ya hesabu kama tunavyodhani. Mjaze watu mtumbwi ule ule, nao utazama zaidi majini na kuwa mzito kusukuma. Tuseme kasi yake imeshuka kutoka mita 1.5 hadi mita 1 kwa sekunde. Kuvuka sasa kunachukua sekunde 90 badala ya 60, na mkondo ule ule wa mita 0.8 unauchukua mita 72 badala ya 48. Gati limepitwa. Mpiga kasia anahangaika kuugeuza mtumbwi, abiria wanaingiwa na hofu, mmoja anasimama, na ukingo wa mtumbwi ulikuwa umebakisha kiganja kimoja tu juu ya maji. Mistari mitatu ya hesabu, inayowezwa na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa nne, inatosha kumwonesha kwa nini mtu wa kumi na tano hapaswi kupanda.

Niruhusu sasa, msomaji wangu, nirudi kwenye somo langu. Kiswahili kina kitenzi "vuka", na kutokana nacho tunapata "vusha" na "vushwa". Vitabu vya fizikia vinajua "vuka" peke yake: mtumbwi unavuka, mpiga kasia anavuka. Lakini wengi wetu hatuvuki, tunavushwa. Aliyeshika kasia ni mwingine, mwenye chombo ni mwingine, aliyekadiria idadi ya abiria ni mwingine, na sisi tumekaa kimya tukiangalia maji. Elimu ya uraia, kwa maoni yangu, ni kumtayarisha mtu anayevushwa ili aweze kuuliza kabla chombo hakijang'oa nanga: Tuko wangapi? Majaketi ya kuokolea maisha yako wapi? Mkondo wa leo ukoje? Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hiyo hutumiwa kufariji, lakini wakati mwingine naona inatumiwa kunyamazisha. Vyombo vingi vilivyozama vilikuwa na usukani. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "hapana" angali ukingoni.

Napendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji bajeti wala kibali cha wizara.

Kwanza, mwalimu wa fizikia asiishie kwenye maswali mawili ya kawaida, yaani muda gani na wapi. Aongeze la tatu: Je, inafaa kuvuka? Ampe mwanafunzi mkondo wenye kasi kuliko mtumbwi, amwache agundue mwenyewe kwamba kufika mkabala hakuwezekani. Ampe mtumbwi uliozidiwa mzigo, amwache alinganishe mita 48 na mita 72. Jibu lisilokuwa namba, "asivuke," lipewe alama kamili.

Pili, sisi walimu wa lugha tuache kudhani kwamba sayansi haituhusu. Swali la mtumbwi lingefaa kabisa katika somo la ufahamu. Mwanafunzi alieleze kwa sentensi zake mwenyewe, bila kanuni hata moja, kisha abishane na mwenzake kuhusu aliyesimama ukingoni na aliyekaa mtumbwini: nani ameona kweli? Huo ni mdahalo unaomfundisha kwamba kabla ya kumpinga mtu ni lazima kujua amesimama wapi anapopima.

Tatu, wazazi walio kando ya mito na maziwa wawaulize watoto wao wanachofundishwa, nao wawaambie wanachokijua. Mvushaji wa kijiji akialikwa darasani kwa kipindi kimoja, vekta zitapata mikono na kasia.

Najua nitakachojibiwa. Muhtasari ni mrefu, vipindi ni vichache, na mtihani wa taifa hauulizi idadi ya abiria. Ni kweli. Lakini maswali niliyoyataja yanachukua dakika kumi, na mwanafunzi aliyeyapitia hatagawa tena 90 kwa 1.7, kwa sababu ameuona mto. Ufahamu wa maisha na alama za mtihani havipigani hapa. Vinakwenda njia moja.

Binti yule alifaulu mtihani wake wa kesho yake. Likizo ilipokwisha, alinikuta langoni, akaniambia kwamba siku ya kurudi shuleni alifika kivukoni akakuta mtumbwi umejaa na mvushaji bado anaita watu. Akawahesabu waliokaa. Akautazama ukingo wa mtumbwi ulivyokuwa karibu na maji. Akasema atangoja wa pili. Baadhi ya waliokuwamo walimcheka, wakasema shule imemfundisha uoga. Mtumbwi ule ulivuka salama, naye akachelewa saa nzima.

"Nilikosea, Mwalimu?" akaniuliza.

Nikamwambia hakukosea. Mtumbwi uliofika salama leo haujathibitisha kwamba ulikuwa salama. Umethibitisha tu kwamba leo mto ulisamehe. Na saa moja aliyoipoteza ndiyo zile sekunde 11 za hesabu yetu, gharama ya kufika mahali ulipokusudia.

Nawe msomaji, mara nyingine utakapokalia ubao wa mtumbwi, au kiti cha basi lililojaa, hesabu kwanza. Kisha useme.